Maksai wa Alama Mbili

Mbalizi, Mbeya

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Rehema,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Je, u mzima? Mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko Kilolo, na mama yangu bado anakula vizuri? Mimi mwili wangu hauna neno, ila moyo haujatulia tangu Jumanne. Nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako.

Unajua kwamba kazi yangu hapa mnadani ni kuandika kitabuni kila ng'ombe anayeuzwa, mwenyewe na alama yake. Mwaka huu Bwana Mifugo alituletea langoni mtu aitwaye Ambakisye, Mnyakyusa, aliyepata kufungwa kwa wizi wa ng'ombe. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchoma alama mpya juu ya alama ya mwenye mali. Sasa ameajiriwa ili azitambue alama zilizochezewa. Hulowesha ngozi kwa maji, hupitisha kiganja kinyume cha manyoya, kisha husema, "Huyu ana baba wawili." Sijamwona akikosea.

Jambo hilo lilinichukiza. Wako watu wengi waaminifu wasio na kazi, naye analishwa na ujuzi alioupata kwa kuwaliza wenzake. Nilimwambia hivyo usoni pake.

"Mzee Karani," akanijibu huku akicheka, "kifungo nimekimaliza. Mikono hii niiache wapi? Au nikupe wewe uiandike kitabuni?"

Wachungaji wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Bwana Mifugo alikuwa amenitaka nitoe maoni yangu kwa maandishi, nami nilikusudia kuandika kwamba mtu huyo aondolewe.

Ndipo Jumanne akaja mdogo wako Daudi na maksai mwekundu mwenye alama ya msalaba, alama ya zizi la baba yenu. Nilifurahi mno kumwona, hata sikujiuliza kwa nini mtu atoke Kilolo, aipite minada yote ya Iringa, aje kuuza Mbalizi. Nikamwandika maksai kabla hajapita langoni. Kwa mtu mwingine nisingalifanya hivyo.

Ambakisye akaweka kiganja. Akakipitisha mara ya pili, kisha akanijia.

"Mzee, mwenye huyu maksai ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Basi pole. Mstari wa kusimama ni wa zamani. Ule wa kulala ni mpya, umepakwa masizi na mafuta ili uonekane mkuukuu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya vivyo hivyo. Je, nimwite Bwana Mifugo, au utamwita wewe?"

"Shemeji!" Daudi akapaza sauti. "Unamsikiliza mfungwa kuliko mimi?"

Nilimwita Bwana Mifugo mimi mwenyewe. Maksai amezuiliwa, na Daudi ameamriwa asiondoke hapa mpaka shauri liamuliwe mwezi ujao. Yuko nyumbani kwangu. Anakula chakula changu wala hanitazami.

Mama Rehema, mstari mmoja wa kusimama ni alama ya nani huko kwetu? Ni ya yule mjane jirani yetu, ambaye uliniandikia kwamba maksai wake wa kulimia amepotea. Namwomba Mungu niwe nimekosea. Nenda kwake, umuulize kama maksai wake alikuwa amekatika ncha ya pembe ya kushoto, kama huyu aliyezuiliwa. Usimtaje Daudi.

Daudi ananisihi niandike kwamba Ambakisye hafai, ili neno lake lisiaminiwe. Ajabu ni kwamba ndivyo nilivyotaka kuandika tangu mwanzo. Hata leo sioni kuwa ni haki mtu kuneemeka kwa ujuzi wa wizi. Lakini pasipo kiganja kile, maksai wa mjane angalikuwa amekwisha kuchinjwa, na jina la mwizi lingalibaki kitabuni kwa mwandiko wangu, limeandikwa kuwa mwenye mali.

Nisalimie mama yangu, binti yetu Rehema, na mwalimu wetu wa kanisa. Baba yako pia umsalimie kwa heshima, ila usimsomee barua hii.

Nimeandika kwamba Ambakisye abaki. Karatasi iko mezani kwa Bwana Mifugo tangu asubuhi, na Daudi bado hajui. Nimependa ulisikie neno hili kwangu kwanza, kwa kuwa ni ndugu yako wa tumbo moja.

Ni mimi mumeo, ninayengoja jibu lako kwa hofu,
Baba Rehema