Mabinti wa Mtawala wa Milimani

Papa wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Mama, na mgongo wako nauulizia peke yake, maana Mama alisema kwenye simu kwamba siku hizi unaamka umeinama. Mimi ni mzima. Bado niko Langley Park, huku Marekani, chumba kimoja na yule mama Mrundi anayeimba akipika. Barabara yetu wameichimba kwa ajili ya treni, na basi linajaa hadi mtu anashindwa kukohoa.

Kazi ni ileile, namtunza mzee Mturuki kule Bladensburg. Alifundisha historia chuo kikuu, sasa akili inakuja na kuondoka. Tunaongea Kifaransa, chake cha vitabuni na changu cha Bukavu. Maisha yake yote alimsoma mtawala mmoja mdogo wa Kituruki wa zamani sana, ambaye milima yake ilikuwa katikati ya sultani wa Istanbul na sultani wa Misri. Huyu akija anamwinamia, yule akija anamwinamia. Ijumaa msikitini linatajwa jina la huyu. Mwaka ukigeuka, la yule.

Nilicheka, Papa, kwa sababu nilikuona wewe, chifu wa kilima chetu. Wenye bunduki wa juu unawapelekea mbuzi asubuhi, na wenye bunduki wa bondeni wakija jioni unawapa kiti chako. Sikulaumu. Watu wetu wako hai kwa sababu ya mgongo huo unaokuuma.

Ila mzee akichanganyikiwa anajiona ndiye mtawala wake, ananidhani mjumbe wa sultani. Naingia na supu, anajikunyata, anauliza: "Mademoiselle, leo umetumwa na nani?" Mara ya kwanza niliimwaga. Ni swali la wale vijana wa kizuizi cha barabarani nilipokuwa narudi kutoka shuleni: "Weye uko wa nani?"

Wiki jana akili ilimrudia, nikamwuliza mwisho wa mtawala wake. Akasema sultani mmoja alimkata kichwa akakituma kwa mwenzake. Nikauliza, na mabinti zake wawili, maana alishaniambia kwamba mtawala alimwoza mmoja kwa sultani huyu na mwingine kwa yule? Akavitazama vitabu vyake, ukuta mzima. "Haikuandikwa." Hata majina? "Ma fille, binti yangu, jina la farasi wake nalijua. Yao, hapana." Akaanza kulia, nami nikaenda kusimama jikoni.

Papa, tangu dada Furaha apande kule juu kuwa mke wa kamanda, hatujasikia sauti yake. Mama hamtaji. Mimi namwona hapa kwenye basi. Mwanamke mwenye shingo ndefu akigeukia dirisha, namfuata, nashuka kituo kisicho changu.

Sasa Mama ananiambia wa bondeni nao wanataka mke kwako, wanamwulizia mdogo wangu Neema, na wewe umewajibu kwamba utafikiri. Naogopa, Papa. Nakupigia magoti, usimtoe. Mchukue yeye na Mama, mshuke ziwani, mvuke hadi kwa shangazi Kigoma. Najua watu watauliza nani atabaki kuwainamia wale kwa ajili yao. Swali hilo nalo linaninyima usingizi. Lakini binti wa pili hatawazuia. Wa kwanza hakuwazuia.

Nisalimie Mama, na bibi yetu muuza mihogo, na mchungaji anayekukabidhi barua hii. Neema umsomee yote, kwa sauti.

Jana mzee aliniuliza tena nimetumwa na nani. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu: "Na Furaha na Neema, mabinti wa chifu." Akashika ukingo wa kitanda, akasimama kwa shida, akayarudia majina yote mawili polepole. Kisha akainama.

Binti yako wa katikati,
Riziki