Mgomba wa Bwire

Jumatatu, 4 Juni 1984
Sijawahi kumwambia mtu: natafutaga watu waliopotea. Mimi, ninayetetemeka kusoma kwa sauti darasani. Mwaka jana nilimpata bibi mmoja wa Nyegina aliyesahau njia ya kwao. Leo tena nimezunguka sokoni Musoma baada ya shule. Safari hii namtafuta kaka yangu, Bwire.

Alitoka na Baba mdogo, kwa baiskeli, kuuza sabuni ya magendo Butiama na Bunda. Baba mdogo karudi peke yake, viatu vyake vya tairi, katambuga, vimejaa tope. Anasema Bwire alipanda mtumbwi Guta, ukazama.

Alfajiri ile ya safari nilimsindikiza mimi tu. Alivaa shati la bluu. Kifungo cha juu nilikishona kwa uzi mwekundu, maana mweusi haukuwepo dukani.

Alhamisi, 7 Juni
Nimetoroka shule. Lori hadi Bunda, miguu hadi Guta. Niliona aibu. Nikauliza hivyo hivyo. Wavuvi wakacheka.

"We binti, hapa wavu ukipotea tunajuaga wote. Mtu azame tusijue?"

Hakuna mtumbwi uliozama.

Ijumaa, 8 Juni
Butiama. Mama wa maandazi anamkumbuka Bwire. "Walikuwa wakirudi kutoka Bunda, mwanangu, yeye na yule mzee wa katambuga. Wanagombana."

Wakirudi. Wote wawili. Basi Bwire alishaiacha Guta nyuma, akiwa hai.

Jumamosi, 9 Juni
Baba mdogo ana haraka. Anataka tuzike mgomba badala ya mwili, kama tunavyofanyaga kwa waliomezwa na ziwa. Mgomba ukishazikwa, hakuna wa kutafuta tena. Mama amekubali. Namchukia Baba mdogo.

Jumapili, 10 Juni
Dada ndiye huuvisha mgomba nguo ya marehemu. Nilitoa shati la shule la Bwire, limechanika kwapani. Baba mdogo akaona haya mbele ya majirani.

"Shemeji, mwanetu azikwe na matambara? Nina shati lake, aliniachiaga."

Akalileta mwenyewe. Limefuliwa, limekunjwa. Na nguo zilivyo adimu, hata yeye alishindwa kulitupa.

Bluu. Kifungo cha juu, uzi mwekundu.

Nikaingia ndani na mgomba, nikauvisha lile lililochanika, nikaufunga blanketi. Wakazika. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Na mimi nililia, kweli kabisa. Sasa najua sitampata hai.

Jumatatu, 11 Juni
Sikwenda shule. Mama amelala, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu Bwire apotee. Sina moyo wa kumwamsha.

Shati la bluu liko chini ya godoro. Linanuka sabuni tu. Harufu ya Bwire imekwisha.

Haya ya leo nilianza kuyaandika kwa Kiingereza ili watu wa nyumbani wasielewe. Kiingereza changu hakifiki huku.

Mama akiamka nitamwambia. Twende polisi wote wawili, na shati.

Asubuhi Baba mdogo aliniuliza, taratibu, kama lile shati liliuenea mgomba. Nikasema ndiyo. Akaniangalia mikono, kama haniamini.

Kuna mtu uani. Mama bado anakoroma. Hizi ni katambuga, zinakuja mlangoni. Naficha