Vidonge Ulivyoviita vya Moyo

Ndugu yangu Zakaria,

Salamu niliyozoea kukupa leo haitoki. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia, nisije nikaichana karatasi.

Siku ya nne tangu ulipofariki na duka lako la dawa pale Igogo kufungwa, mwili wangu ulibadilika. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka nikiwa nimekaa kivulini, masikio yakavuma kama wadudu wa ziwani wanaposimama juu ya maji mfano wa moshi. Usingizi ukanikimbia. Msibani kwako nilishindwa kuchambua miiba ya samaki, sato. Mama Eliya, mjane wako, akanichambulia kama mtoto. Watu wakanong'ona, "Mwinjilisti alimpenda mwenzake." Nami, Bwana anisamehe, maneno hayo yalinifariji. Nilijifananisha na Daudi akimlilia Yonathani.

Wiki ya tatu binti yangu alinipeleka kwa daktari. Mama Eliya alikuwa amefungua duka na kunitafutia kopo ulilokuwa ukinichotea vidonge vyangu vya moyo, lenye jina langu kwa mwandiko wako. Daktari, binti mdogo mwenye adabu, alisoma lebo mara mbili.

"Babu, nani alikuambia hii ni dawa ya moyo? Hii ni ya kutuliza wasiwasi. Miaka tisa mwili umeizoea, halafu umekatiwa ghafla."

Nikamwuliza, si majonzi haya?

"Majonzi yapo, babu. Ila kutetemeka huku ni dawa."

Zakaria, hata msiba wako umeninyang'anya. Sijui machozi yapi yalikuwa yako na yapi yalikuwa ya kidonge.

Unaikumbuka Jumapili niliyosimama kushuhudia? Nilisema kwamba hofu iliyonishika tangu nilipomzika mwanangu imeondolewa kwa maombi matupu, maombi yako na yangu. Wewe ulikuwa benchi la wazee, hatua tatu kutoka kwangu. Ulisema "Amina" kwa sauti kuliko wote. Kesho yake ulinipa bahasha ya kaki kama kawaida, ukacheka: "Meza, mzee mwenzangu. Ukitetemeka mimbarani watadhani umeshukiwa na Roho."

Najua utetezi wako. Ulinisikia nikihubiri kwamba atumiaye dawa za wasiwasi ana imani haba. Ulijua ningekataa. Lakini ulikuwa rafiki yangu. Ungeniambia, nikakasirika, tukagombana, tukapatana. Ulinitibu kama mtu anayemtibu ng'ombe: akili yake haiulizwi. Na wangapi waliondoka kanisani siku ile wakaona aibu kwa vidonge vyao, kwa sababu ya ushuhuda wangu?

Daktari alinirudishia dawa ile kwanza, kisha tukaanza kushuka polepole. Sasa nimefika nusu kidonge. Nakikata kwa wembe juu ya sahani, na kila daktari anapopunguza tena, siku kadhaa huwa ngumu: kifua hubana, mwanga huniumiza, hasira hunipanda kwa mlango uliofungwa kwa kishindo. Zaburi nilizozihifadhi ujanani hunikatikia katikati ya mstari. Naomba hivyo hivyo, kwa vipande. Nilitamani kulitupa kopo zima ziwani. Daktari alinionya nisithubutu, na nimemtii, mimi niliyewahubiria wengine wasitii.

Jana Mama Eliya alikuja. Familia inakuwekea msalaba kaburini, naye anataka nihubiri. "Baba Mwinjilisti, nani mwingine alimlilia namna ile?" Nikamwomba aketi, nikamweleza yote. Akasema, "Uyaseme hayo hayo." Hakulia. Nadhani alikasirika pia, kwa niaba yetu sote wawili.

Basi nitasimama mbele ya waumini, na mikono ikitetemeka waione. Nitasema kwamba hofu yangu ilitulizwa na dawa, kwamba rafiki yangu alinificha jina la dawa hiyo, na kwamba mahubiri yangu ndiyo yaliyomtia woga wa kusema. Sitakupamba. Sitakutukana.

Msamaha ninaoutafuta bado haujafika, nami sitausema kwa mdomo kabla haujafika moyoni. Pumzika, Zakaria, kwa rehema ya yule asiyefichwa kitu. Siku mwili wangu utakapokuwa hauhitaji tena hata chembe ya kidonge, nitapanda kaburini kwako peke yangu, niketi, nione kama bado ninakulilia.

Mwenzako,
Yohana