Mdogo Wako Amerudi kwa Mlango wa Mbele

Orofa ya Nne, Mlango wa Pili Kushoto,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, wewe na shemeji na wote walioko hapo nyumbani. Hujambo? Goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba linakusumbua ukipanda ngazi, nami nikakaa miezi miwili bila kukupa hata pole. Nisamehe, nimekosa.

Sisi huku wazima. Mama mkwe anakula vizuri na kulala vizuri, ila masikio ndiyo yamegoma. Ukimwamkia, anakwambia mvua haijanyesha. Binti yetu Kasuku ametimiza miaka tisa, na tangu alipojua kusema hajapumzika.

Sasa wifi, vuta kiti. Ulinikataza nisikutajie mdogo wako, mume wangu, katika barua zangu, na kwa miaka miwili nimekutii. Leo sikutii.

Sijasahau tulikotoka. Alipoanguka kwenye shimo la lifti katika kazi yake ya ufundi wa lifti, alipewa vidonge vya maumivu. Mgongo ukapona, vidonge vikabaki. Daktari alipokataa kumwandikia vingine, akampata yule mwanamke wa duka la dawa, aliyempa bila cheti. Alianza kwa kumpa vidonge. Siku niliyokwenda kununua dawa ya kikohozi ya Kasuku, nikaona koti la kazi la mume wangu limetundikwa kwenye chumba cha ndani, nilijua kwamba wameshavuka mambo ya vidonge. Nawe alikuapia mbele ya mama kwamba ameacha, kumbe vidonge vimo kwenye soksi. Ndipo ukasema huna mdogo. Sikukulaumu. Mimi mwenyewe nilimfungashia nguo zake nikaziweka nje ya mlango.

Akaenda kuishi kwenye chumba nyuma ya karakana ya fundi baiskeli, rafiki yake. Akaanza kwenda kliniki kila Jumatatu. Nilisikia kwa watu kwamba arosto ya kukosa vidonge ilimtesa vibaya, akitetemeka na kutapika. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na hasira, wifi, na hasira ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi na kunipeleka kazini.

Mwezi wa saba tangu aanze kliniki, mchana kweupe, tukiwa chumba cha kufulia pale hospitalini ninapofanya kazi, mlango ukafunguliwa. Ni yeye. Amekonda, shati limelowa jasho. Wenzangu wote sita wakaacha kazi. Hata msimamizi wetu, ambaye tunamwita Kamanda, alizima mashine ya pasi, na ile huwa haizimwi ovyo.

Akanyoosha mkono, kuna pakiti ya vidonge.

“Nimenunua leo asubuhi,” akasema. “Nimemeza viwili. Hivi ndivyo vilivyobaki. Nimeona nikwambie kabla hujaniuliza.”

Wifi, katika miaka yote ya ndoa yetu, mtu yule hakuwahi kuniambia kosa lake kabla sijaligundua. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kutosha mwaka mzima, lakini nikaanza na mengine.

“Kanawe mikono,” nikamwambia.

Akanawa. Nikampa ncha mbili za shuka, nikashika mbili, tukakunja. Tukakunja shuka za wodi nzima, Kamanda akisimamia kama vile tumeajiriwa wote wawili. Zamu ilipokwisha tukaenda pamoja kliniki, na ile pakiti nikaikabidhi kwa mshauri kwa mkono wangu.

Usidhani nilimrudisha siku hiyo. Sikuwa mjinga kiasi hicho! Nilimwambia aje Jumapili saa kumi, abishe hodi, akae sebuleni kama mgeni. Akaja. Jumapili iliyofuata pia. Mama akamuuliza Kasuku, kwa sauti ya kusikika hadi orofa ya chini, “Huyu kijana anamchumbia nani humu?” Kasuku akamjibu, “Anamchumbia mama!” Nilikimbilia jikoni nikacheka huko.

Lakini kulikuwa na Jumapili za machozi. Nilimuuliza habari za yule mwanamke, zote, naye akajibu zote, hata zile nilizotamani anifiche. Siku nyingine nilimfukuza kabla hajakaa. Aliondoka, akarudi wiki iliyofuata saa kumi kamili.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Nilikuwa nampekua. Akienda msalani, mimi niko kwenye mifuko ya koti lake. Siku moja akanikuta. Hakukasirika. Alikaa chini, akavua soksi, akazigeuza nje ndani, akanipa.

“Kagua, mama Kasuku. Hiyo ni haki yako.”

Nilizikagua kweli! Kisha nikaanza kucheka, naye akacheka, soksi zile zikinuka mno. Miezi ikapita, na jioni moja baada ya kumsindikiza nikagundua kwamba sikugusa koti lake. Si kwamba nilijizuia. Nilisahau tu.

Sasa nikupe la wiki hii. Kampuni yake ilimpima mkojo kwa mwaka mzima, ikamrudisha kazini, na kazi ya kwanza aliyopewa ni lifti ya hospitali yetu. Tangu ilipokufa, tulikuwa tukibeba mafurushi ya shuka kwa ngazi hadi orofa ya tatu. Alikaa nayo siku tisa. Alhamisi kengele ikalia, mlango ukafunguka, naye amesimama ndani kwenye ovaroli, grisi hadi kwenye nyusi.

“Nani anaanza?” Kamanda akauliza. Kila mtu akatazama viatu vyake.

Nikasukuma toroli langu, nikaingia. Mlango ukajifunga, tukaanza kupanda.

“Unaniamini?” akaniuliza.

“Kwa lifti, ndiyo.”

Tukapita orofa ya kwanza. Tukapita ya pili.

“Na kwa mengine,” nikasema, “lete sanduku lako Jumamosi.”

Mlango ulipofunguka orofa ya tatu, analia kama mtoto. Wauguzi wakadhani lifti imembana! Nilipowaeleza, wakapiga vigelegele, na wenzangu kule chini, bila kujua sababu, wakaitikia.

Jana amekuja na sanduku, kwa mlango wa mbele, majirani wakitazama. Mama alimtazama kutoka kwenye kiti chake, mwanawe ambaye hajalala nyumba hii miaka miwili, akasema, “Umechelewa. Chakula kimepoa.”

Wifi, atakupigia simu leo jioni. Sikulazimishi umsamehe, mimi ilinichukua muda na bado kuna siku inanichoma. Naomba upokee tu, usikie sauti yake. Ni sauti ya mtu asiyeficha kitu.

Nisalimie shemeji, mjomba wenu na wale mapacha. Mama anakusalimu, au nadhani ndicho alichosema. Mungu akulinde, akuponye goti, akujaze amani wewe na nyumba yako.

Ni mimi nikupendaye daima,
mke wa mdogo wako, na safari hii kwa kumchagua nikiwa namjua.