Namba Iliyochunguliwa na Ilmari

Reijo, nimetoka sauna, chumba cha mvuke, moja kwa moja hadi maabara, nywele bado zimelowa, na najisikia mchafu kuliko nilivyoingia.

Unaikumbuka namba ya siri tuliyoichanganya kwenye vipimo vya kuoza kwa viini vya atomi, ili ifiche jibu halisi na mtu asiyapinde matokeo kuelekea jibu analolitamani. Tulikubaliana kuiondoa Ijumaa, wote pamoja, kisha tukate keki.

Ilmari ameichungulia. Mkuu wetu mwenyewe. Ameniambia mle saunani huku akimwagia mawe ya moto maji, kama mtu anayesimulia safari ya kuvua samaki.

"Niliiona tangu Machi, bwana. Unadhani kwa nini niliwaambia mvitupe vipimo vya Februari?"

Tangu Machi. Na mimi nilivitupa kwa mkono wangu, nikiamini kigunduzi, chombo chetu cha kupimia, kilikuwa kibovu, kwa sababu yeye ndiye aliyesema.

Nilijaribu kumtafutia sababu. Sikupata.

Akacheka: "Acha ulokole, Pentti. Jibu si limekaa pale pale nadharia inapotaka?"

Limekaa kwa sababu amelikalisha.

Nimevirudisha vipimo vya Februari kwenye hesabu, na jibu limehama kutoka pale nadharia inapotaka. Nimewaandikia wote, naye akiwemo, kwamba jina langu litoke kwenye makala anayotaka kuchapisha kuhusu matokeo haya. Ijumaa akitaka keki, aikate peke yake.