Kreni ya Mama

Jumanne, 4 Machi

Wazee wamegombana tena, safari hii kwa ajili ya kabati. Mimi na kaka tumelibeba, wao wanasimamia. Baba akaanza ishara zake za bandarini — kiganja juu, kidole kinazunguka, ngumi: simama! Mama akamwambia aache kupunga, hapa si gatini na sisi si winchi. Baba akauliza, nani aliyemwongoza miaka yote ile kule juu kwenye kreni? Mama akasema aliongozwa na Mungu. Na sisi kabati mikononi!

Alhamisi, 6 Machi

Rafiki yao wa kazini amepiga simu. Kreni ya zamani, ile ya mama, inakatwa iwe chuma chakavu. Jumamosi wastaafu wamealikwa wakaiage.

Baba akafurahi, akaanza ile hadithi. Mama alikuwa dereva wa kreni, yeye mpiga ishara chini. Siku ya kwanza tu, mama akamwangushia gunia la unga. Likapasuka miguuni pake, akabaki mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, meli nzima inacheka! Akamsubiri chini ya ngazi amtukane. Aliposhuka, matusi yote yakamtoka kichwani.

Mama anasema mkono uliteleza. Baba anasema mkono wa mama haujawahi kuteleza.

Kuhusu Jumamosi, mama kasema haendi. Chuma ni chuma tu. Kisha akatia mboga chumvi mara mbili. Tumekula hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkuta anapiga pasi ovaroli yake ya kazi. Haendi, eti! Akaijaribu, vifungo vya tumboni vikagoma.

"Nguo imerudi," akasema.

"Haijarudi," baba akajibu toka sebuleni. "Wewe ndiye umekwenda."

Nikacheka mpaka machozi. Mama naye akacheka, halafu akachomoa pasi. Akaniambia kitu sijawahi kukisikia. Siku yake ya mwisho, mashine mpya zimefika, walimshusha toka kibanda cha kreni, mzigo ungali unaning'inia. Kijana akapanda, akakaa kwenye kiti chake.

"Mzigo wangu, mwanangu. Akautua mtu mwingine."

Sebuleni redio ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa anasikiliza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa kwenye nguzo fupi ya kufungia kamba za meli. Shauri ya mama!

Msimamizi, kijana mpole, alituvalisha kofia ngumu, akaeleza vizuri: picha hapa chini tu, kupanda marufuku. Mama akaitikia — ndiyo baba, sawa baba, hamna shida. Ningepaswa kushtuka pale pale! Tangu lini mama akakubali jambo upesi hivyo?

Simu ya msimamizi ikalia, akageuka kidogo. Kugeuka tena — mama yuko kwenye ngazi. Anapanda huyoo, ovaroli imeachia vifungo.

Sasa yuko kibandani. Umeme ulishakatwa zamani, lakini anavuta na kusukuma vishikio kama kuna meli inamngoja. Anashusha kitu. Polepole mno. Mafundi wa kukata chuma wamekaa juu ya mitungi yao ya gesi, wanamtazama. Msimamizi anamsihi mama ashuke. Mimi nimepiga kelele hadi sauti imekauka. Amejibu mara moja tu:

"Subirini, sijamaliza!"

Na baba? Anavua viatu! Baba ambaye hajawahi kupanda kreni hata siku moja. Nimemshika shati — baba, presha yako! Kaitoa mikono yangu taratibu.

"Nyinyi pigeni kelele. Mimi naenda kukaa naye."

Amefika katikati. Kasimama, anahema, kaikumbatia ngazi. Msimamizi yuko nyuma yake, anamkinga mgongo. Mama amechungulia, kamwona. Anajisogeza pembeni — kiti chenyewe cha mtu mmoja — anajibana, anapangusa vumbi upande wa pili kwa kiganja.

Baba anainua mguu tena.