Katoni Kumi na Moja za Nordby

Nordby, 3 Oktoba

Kwa binti yangu Marit,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako tu wazima, hofu ni kwako huko Minneapolis. Viazi vimeshavunwa, theluji bado.

Nasikia kiwanda cha dripu kimeingiwa na mafuriko na nchi nzima inahaha. Stoo yangu ya hospitali imebaki na katoni sita. Arvid, baba yako wa ubatizo, amelazwa tangu Jumapili. Kidonda cha mguu kimetia sumu kwenye damu, na dawa yake inapita kwenye dripu mchana na usiku. Wewe ndiye mgawaji katika ushirika wenu wa ununuzi wa hospitali mia tatu. Tuongezee kidogo. Sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako, Torleif

Minneapolis, 4 Oktoba

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi mzima, ila usingizi nimeusahau.

Kila hospitali inapewa nusu ya ilichokuwa ikinunua kupitia ushirika. Nimetazama jina la Nordby: katoni mbili kwa mwezi. Vitanda ishirini, katoni mbili? Wagonjwa wenu mnawatundikia supu? Kwa hiyo mgao wenu ni katoni moja. Nyingine mlikuwa mnanunua wapi, usinijibu, najua. Nikiwaongezea ninyi, nitampunguzia mtu asiye na binti hapa ofisini.

Mwanao, Marit

Nordby, 6 Oktoba

Marit,

Hatujambo.

Ndiyo, nilinunua kwenye duka la Arvid la vifaa vya hospitali. Barabara zilipofungwa na theluji, yeye ndiye aliyeleta dripu kwa trekta, miaka thelathini. Ushirika ulipokuja na bei nafuu nilisaini ili mkurugenzi wa hospitali anyamaze, kisha nikarudi kwa rafiki yangu. Nilidhani namlinda. Sasa yuko kitanda namba nane na ghala lake ni tupu, maana kiwanda ni kilekile. Nimemweleza. Akasema, "We Torleif mjinga sana. Si nilikwambia ununue kwa binti yako?" Uongo, hakuniambia kamwe.

Zimebaki katoni mbili. Nimekukasirikia, na mwenyewe nimejikasirikia zaidi.

Baba yako

Nordby, 10 Oktoba

Marit, mwanangu,

U mzima? Sisi wazima, na sasa nitakuambia kwa nini.

Asubuhi lori limeshusha katoni kumi na moja. Kila moja imeandikwa kwa kalamu nene jina la mji ilikotoka. Moja ni ya Elk Butte, wale waliomvunja meno kipa wetu wa magongo ya barafuni! Wameandika: "Kwa Nordby. Tumebaki na tisa, zinatosha."

Nilivua kofia pale stoo kama niko kanisani. Nilidhani ushirika ni karatasi na kompyuta. Kumbe ni watu, kila mmoja na stoo yake, wakaamua kujipunguzia kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua. Nililia, sikufichi. Uliwaambia nini?

Baba yako

Minneapolis, 11 Oktoba

Baba,

Nashukuru Mungu. Hujambo na machozi yako?

Sikutaja kuwa ni wewe. Nilibandika tangazo kwa hospitali zote: mtunza stoo amekosea hesabu, mgonjwa ana dripu za siku chache tu. Nilitegemea jibu moja. Robo saa haijaisha majibu yalikuwa kumi na moja, nikalazimika kuwazuia wengine. Mama mmoja wa Elk Butte aliuliza tu kama huyo mkosaji alikuwa akinunua kwa rafiki. "Hata mimi nilifanya hivyo," akasema.

Mwanao

Nordby, 15 Januari

Mwanangu Marit,

Salamu toka kwenye baridi ya kuua. Mama yako anakutengenezea mikate ya viazi.

Arvid anatembea, anachechemea, anagomba. Jana nilimsomea tangazo lako kuhusu mji wa Kinsey, dripu zimewaishia. Hatujui mtu huko. Tulikuwa na katoni tano. Alibeba moja kwenye trekta hadi kituo cha malori, na kalamu akaninyang'anya. Aliandika mwenyewe: "Kutoka Nordby. Tumebaki na nne, zinatosha."

Baba yako